Seti ya vichezeo vya paka ya dola 12: ufito umelipa, vingine hapana

Niliinunua sokoni Nyawera, hapa Bukavu. Muuzaji alianzia dola 20, tukavutana hadi 12. Ndani ya boksi: ufito wenye uzi na manyoya, taa ndogo ya leza, panya wa betri na mipira miwili yenye njuga. Maelezo yote ni ya Kichina, ila hakuna la maana la kusoma.

Patroni, paka wangu, hatoki nje. Tunakaa mtaa wa Ibanda, etaji ya pili, chini ni barabara, na majirani hutega sumu ya panya. Paka akila panya aliyekula sumu, anaweza kufa naye. Basi anabaki ndani, na paka asiye na kazi hujitafutia: mapazia, waya za chaji, na saa 11 alfajiri vidole vyangu vya miguu.

"Mama, huyu panya anajichezea mwenyewe, wewe unakaa tu," ndivyo nilivyoambiwa dukani. Ni kitu kibovu kuliko vyote humo. Kinazunguka palepale kikipiga kelele, halafu kinamfuata paka. Panya gani anamfuata paka? Windo hukimbia, hujificha. Patroni alimnusa, akapanda juu ya kabati kulala. Na betri ni za kujinunulia.

Ufito ndio ulionirudishia pesa yangu, lakini kazi iko mkononi mwako. Ukimpepea manyoya usoni atakuangalia hivihivi. Yaburute polepole nyuma ya mguu wa meza, nusu yapotee, yatikisike kidogo, yatulie. Utaona masikio yameelekea mbele, mboni zimepanuka mpaka macho yamekuwa meusi, tumbo liko sakafuni, makalio yanacheza kushoto na kulia. Hapo usiwe na haraka. Kuvizia ndiko kunakomnogea. Kuruka ni kumalizia tu. Akirukia mara kadhaa akakosa, mwachie ayakamate, ayaume, ayapige mateke ya nyuma apendavyo. Dakika 10 hadi 15 zinatosha. Paka si mbwa wa kukimbizwa uwanja mzima, yeye huwinda kwa mbio fupi na kupumzika.

Nachezesha jioni, kabla hajala, kisha nampa sambaza (visamaki vya Ziwa Kivu) za kuchemsha, bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa paka). Ndivyo alivyoumbwa: awinde, ale, ajilambe, alale. Na kwa kuwa paka huchangamka zaidi magharibi na alfajiri, ukimchosha na kumshibisha usiku anakuachia usingizi wako. Mimi sasa naamshwa na kengele ya kanisa, si na meno. Mume wangu anadai sambaza za paka huchaguliwa vizuri kuliko zake. Sibishani naye.

Leza inafurahisha watu kuliko paka. Umeme ukikatika, nukta nyekundu ikitembea ukutani, watoto wanapasuka kwa kicheko na Patroni anaparamia ukuta. Shida ni mwisho wake: unazima, naye hajakamata chochote, anabaki kuukodolea ukuta na kulia. Kwa hiyo ikiwashwa kwangu, nukta lazima iishie juu ya kipande cha sambaza nilichotangulia kukiweka chini, apate cha kung'ata. Na isimulikwe machoni, ya paka wala ya mtu. Watoto wangu wamepigwa marufuku kuishika.

Mipira: njuga, sakafu ya sementi, usiku wa manane. Nimeificha.

Ufito nao usiuache sakafuni ukimaliza kucheza. Ulimi wa paka una vijimiiba vinavyoelekea ndani, uzi ukishaingia kutema ni vigumu, na ukifika kwenye utumbo unaweza kuukunjakunja mpaka apasuliwe. Wangu unakaa ndani ya kabati lenye ufunguo. Manyoya yake ya dukani, ya rangi ya waridi, yalinyofoka mapema. Nikafunga ya jogoo tuliyemchinja Jumapili, na Patroni anayapenda zaidi, nadhani kwa ajili ya harufu. Kama muuzaji atakubali kukutolea ufito peke yake, mpe dola 4, usiongeze.