WordReference kwa mwongoza watalii na mpishi wa Mombasa: "lime" ni ndimu au chokaa?

Anayeandika menyu au maelezo ya matembezi ya Mji wa Kale kwa Kihispania hukwama mahali pamoja kila mara, nako ni kwenye Kiingereza. Wengi wetu tunatoka Kiswahili, tunapitia Kiingereza, ndipo tunafika Kihispania, na hapo katikati ndipo maana zinapogongana. Ndimu na chokaa kwetu havijuani kabisa. Kiingereza kinaviita vyote "lime". Kihispania kinavitenganisha tena: ndimu ni "lima", chokaa ni "cal". Kwa hiyo mtu aliyeanza na maana safi kichwani anaipoteza njiani.

WordReference, kamusi ya mtandaoni iliyoanzishwa na Michael Kellogg mwaka 1999, ndiyo naona inamvusha mtu salama zaidi hapo. Haina malipo. Ina matangazo, lakini hayazuii kusoma. Hufunguka kwenye kivinjari au kwenye programu ya simu, bora uwe na bando.

Tafuta "lime" uone ilivyopangwa. Kushoto kuna neno la Kiingereza na aina yake: n ni nomino, vtr ni kitenzi chenye yambwa, adj ni kivumishi. Katikati, ndani ya mabano, kuna maneno mawili matatu yanayoonyesha ni maana gani inayozungumziwa. Kulia ndiko kwenye Kihispania, pamoja na nm (ya kiume) au nf (ya kike) ya kukuonyesha jinsia ya nomino. Sentensi za mfano huwekwa chini, kwa lugha zote mbili. Ile safu ya katikati ndiyo uhai wa kamusi hii, na ndiyo hasa watu wanaoiruka. Macho yanakimbilia kulia, mkono unanakili neno la kwanza, kazi inaharibika.

Itazame Fort Jesus. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, wakati Felipe II wa Uhispania ndiye pia aliyekuwa mfalme wa Ureno, kwa hiyo mgeni wa Kihispania husikiliza habari zake kwa makini. Ukimwambia kuta ni za "coral y lima", umemwambia mawe ya matumbawe yameshikanishwa kwa ndimu. Atakayejaribu kukusaidia kwa kutafuta maana nyingine ataangukia tupa ya fundi, maana hiyo nayo kwa Kihispania ni "lima". Sema "piedra de coral y cal", na hakuna atakayekuuliza mara mbili. Kwenye ukurasa huohuo utaona na "tilo", mti wa Ulaya ambao Waingereza nao huuita "lime". Maana tatu, maneno matatu, na anayekuonyesha njia ni yale maneno ya katikati.

Jikoni ndiko kamusi hii inakolipa zaidi. Chukua "clove". Karafuu ni "clavo", na punje ya kitunguu saumu ni "diente", yaani jino: "diente de ajo". Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote mawili, na anayetafsiri pilau bila kuangalia anaweza kumtilia mgeni karafuu sita palipotakiwa punje sita za saumu. Chungu kizima kitakuwa kichungu. Tena "clavo" peke yake ni msumari pia, kwa hiyo kwenye vibandiko vya pakiti za viungo andika "clavo de olor" kwa ukamilifu.

Na "pepper" ina mtego wa herufi moja. Pilipili manga ni "pimienta", pilipili hoho ni "pimiento". Pilipili kali ni neno jingine kabisa: "guindilla" huko Uhispania, "chile" huko Mexico, "ají" katika nchi nyingi za Amerika ya Kusini. Muuza viungo wa Marikiti hawezi kukosea hoho na manga, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kumtenganishia. Basi kabla ya kufungua kamusi, andika kwanza neno la Kiswahili kamili, pilipili gani, na ulibebe hadi kwenye safu ya katikati. Kinachotafutwa pale ni maana ya Kiswahili. Neno la Kiingereza ni mlango tu wa kuingilia.

Si kila mara Kiswahili kitakuokoa. Samaki ni samaki baharini na sahanini, lakini Mhispania huita aliye hai majini "pez" na aliyevuliwa wa kuliwa "pescado". Kwenye menyu, basi, samaki wa kupaka ni "pescado en salsa de coco". Mwenye mashua anayewaonyesha wageni samaki wa matumbawe atumie "peces". Hapa soma sentensi za mfano, kwani ndizo zinazoonyesha neno likiwa kazini.

Wanaopeleka wageni baharini washuke hadi mwisho wa ukurasa, kwenye sehemu ya maneno ambatani. Bamvua kwa Kiingereza ni "spring tide". Ukitafsiri neno kwa neno utapata "marea de primavera", maji ya majira ya machipuko, na mgeni atashangaa bamvua linakujaje na Desemba. Kihispania husema "marea viva", maji yaliyo hai. Kinyume chake ni "marea muerta", maji mafu, sawasawa na wanavyosema wavuvi wetu. Hapo Kiswahili na Kihispania vimekutana bila Kiingereza kuwa na habari.

Alama za nchi, kama ES ya Uhispania na MX ya Mexico, msiziruke. Kivuko cha Likoni mtu wa Madrid "hukipanda" kwa kitenzi "coger", tena bila aibu yoyote. Kwa mtu wa Mexico au Argentina kitenzi hicho ni tusi la chumbani. Tumia "tomar el ferry", ambayo ni salama kote. Ila "tomar" isikubebe moja kwa moja kwenye kila "take". Kuvua viatu mlangoni mwa msikiti ni "quitarse los zapatos". Kuchukua muda, kama kuvuka kwa dakika kumi, ni "tardar diez minutos". Kubeba mwavuli ni "llevar". Ukurasa wa "take" ni mrefu unaochosha, na huo ndio udhaifu mkubwa wa kamusi hii kwa mwenye haraka. Dawa ni kutafuta kifungu kizima, "take off" au "take a picture", badala ya kitenzi kitupu.

Ukishapata neno, ligeuze. Liandike lile la Kihispania upande wa Kihispania–Kiingereza uone linarudi na nini. "Lobster" itakupa "langosta" na "bogavante". Ukigeuza "langosta" utakutana na nzige, usishtuke, jina ni moja kwa wote wawili. Swali lililobaki ni yupi wa kwenye sahani. Bogavante ana magando mawili makubwa mbele. Kambakoche wetu hana, ana papasi ndefu nene, kwa hiyo ni langosta. Kwa uhakika zaidi fungua kamusi ya Real Academia Española, taasisi ya lugha ya Kihispania, nayo ni bure mtandaoni. Imeandikwa Kihispania kitupu, lakini hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataona namba za maana na kuzilinganisha.

Usitarajie kukuta mahamri wala viazi karai. Hayo yaache kwa jina lake na uyaeleze kwa ufupi: "mahamri, buñuelos de coco y cardamomo". Neno likikataa kabisa, lipeleke kwenye jukwaa la maswali la WordReference, lakini lipeleke likiwa ndani ya sentensi nzima, useme ni la menyu, la kibao au la maelezo ya mdomo, na wasomaji wako wanatoka nchi gani. Ukiuliza neno tupu utarudishiwa swali: kwa maana ipi?