Kichomeo cha gesi cha mhunzi: angalia tipu, mengine baadaye

Wasomaji wa Ngamiani na Chumbageni, Tanga, wananilalamikia jambo lile lile: kichomeo kipya, mtungi umejaa, lakini chuma kinagomea kwenye wekundu, njano hakifiki. Wote waliuziwa kwa sifa za uzito na rangi. Rangi mimi sina habari nayo. Naangalia tipu.

Tipu ndiyo inayorusha gesi ndani ya bomba, na kasi ya gesi ndiyo inayovuta hewa. Ikikaa mshazari hata kidogo, gesi inagonga ukuta wa bomba, hewa inapungua, na ndimi ndefu za njano zinatoka mdomoni mwa tanuri zikila gesi bure. Kabla ya kulipa, omba kichomeo kiungwe kwenye mpira wa maji. Mchirizi ukipita katikati ya bomba, nunua. Ukilamba upande mmoja, kirudishe. Muuzaji mmoja aliniambia, "Dada, hiki ni cha gesi, si cha bustani." Niliondoka na hela yangu.

Kati ya vichomeo vitatu ninavyovipanga hapa, namba moja kwangu ni cha kujitengenezea: bomba jeusi la chuma la inchi robo tatu, redyusa (kiungio cha mabomba ya ukubwa tofauti), na tipu ya mashine ya MIG, ile ya kulehemu kwa waya. Hapo nina upendeleo, sifichi: tipu za kampuni ya Binzel, nyuzi za M6 (milimita 6). Chukua ya waya wa milimita 0.8, tundu lenyewe ni kubwa kidogo kuliko namba, maana waya lazima upite. Bomba la mabati liache, zinki ikiungua moshi wake ni sumu. Kichomeo kimoja cha hivyo kinatosha tanuri la lita 5 hivi.

Kirekebishe kikiwa ndani ya tanuri, si mkononi, kwa kuwa moto hubadilika ukizungukwa na kuta. Njano ikizidi, rudisha tipu nyuma kidogo au weka ya 0.6. Chuma kikijaa magamba, hewa imekuwa nyingi. Viungo vyote vipake povu la sabuni utafute uvujaji, na kazi ifanyie uani: kaboni monoksidi haina harufu.

Namba mbili, kichomeo cha Devil-Forge cha kuagiza kutoka Lithuania. Kizuri, ila usafiri na ushuru vitakuumiza.

Namba tatu, tochi ya kuchomea lami. Bei yake ni nafuu. Basi.

Sasa regyuleta, kile kidhibiti cha mgandamizo wa gesi mtungini. Ya jikoni hutoa takriban milibaa 30 tu. Hapa unataka ya kugeuza, ifike baa 2. Wauzaji wanalijua hilo, lakini bado wanakufungia ya jikoni ndani ya boksi na kuiita "seti kamili". Ukirudi kudai ya kugeuza, unatajiwa bei inayokaribia ya kichomeo chenyewe. Kisa? Dola imepanda. Dola iliposhuka niliuliza tena, nikaambiwa huo ni mzigo wa zamani.