Sherlock Holmes Kamili katika Juzuu Moja: Mtu Anayebadilika Kadiri Unavyosoma

Juzuu ninayoihakiki hapa imekusanya kazi zote ambazo Arthur Conan Doyle aliandika kumhusu mpelelezi wake Sherlock Holmes, yaani riwaya 4 na hadithi fupi 56, zilizotoka kati ya 1887 na 1927. Ni kitabu kinene chenye maandishi madogo, na jalada lake gumu limestahimili miezi mitano ya kufunguliwa karibu kila jioni. Safari hii sikurukaruka kama nilivyozoea. Nilisoma kwa kufuata mwaka ambao kila hadithi ilitoka, kwa sababu nilitaka kujua kama Holmes wa mwanzo na Holmes wa mwisho ni mtu mmoja. Nilichokiona ndicho kinachonifanya nipendekeze juzuu nzima badala ya mikusanyo midogo ya hadithi teule, ingawa waliolitayarisha toleo hili wamemnyima msomaji kitu alichokihitaji, nami nitakieleza nikifika hapo.

Tuanze na 1887. Katika riwaya ya kwanza, A Study in Scarlet, Dakta Watson, aliyejeruhiwa vitani na kurudi London bila jamaa wala kazi, anapanga nyumba pamoja na mtu asiyemjua, na baada ya majuma kadhaa anaketi kuandika orodha ya mambo ambayo mwenzake anayajua na asiyoyajua. Fasihi: hakuna. Falsafa: hakuna. Elimu ya nyota: hakuna. Siasa: kidogo sana. Kemia: ya kina. Mwenzake huyo hajui kwamba dunia hulizunguka jua, na akiambiwa anajibu kwamba sasa atajitahidi kulisahau jambo hilo, kwa kuwa ubongo wa mtu ni kama chumba kidogo cha darini na mwenye akili hakijazi vyombo asivyovihitaji. Watson anapomtaja mwandishi Thomas Carlyle, Holmes anauliza huyo ni nani na amefanya nini.

Sasa fungua riwaya ya pili, The Sign of the Four, iliyotoka 1890. Mtu huyohuyo anazungumzia maandishi ya Mjerumani Jean Paul Richter, na Watson anaposema kwamba yeye alimfikia Richter kwa kupitia Carlyle, Holmes anamwambia kwamba hiyo ni sawa na kufuata kijito mpaka kwenye ziwa kinakotoka. Katika hadithi fupi za 1891 anasafiri kwa treni akiwa na mashairi ya Petrarch mfukoni, na anamtaja Hafiz wa Uajemi kama mtu aliyemsoma kwa muda mrefu. Kufikia 1893 wawili hao wanakunywa chai jioni ya kiangazi na mazungumzo yao yanatoka kwenye fimbo za gofu hadi kwenye sababu za kubadilika kwa mwinamo wa njia ya jua angani. Miaka sita tu imepita tangu dunia na jua viwe habari ngeni kwake.

Wapo wapenzi wa Holmes wanaoshikilia kwamba siku zile za mwanzo alikuwa akimtania Watson. Nimeupima utetezi huo kwa makini na siukubali, maana hakuna kitu katika riwaya ile ya kwanza kinachoonyesha utani. Mtu aliyechorwa pale ni chombo cha kufikiria, chenye kona moja kali na kona nyingine zote butu, na chombo kama hicho kinatosha kubeba kisa kimoja. Hadithi fupi zilipoanza kutoka katika jarida la Strand Magazine mnamo Julai 1891, mwezi baada ya mwezi, alihitajika mtu ambaye msomaji angetamani kukaa naye karibu na moto hata kama hakuna maiti sebuleni. Ndani ya riwaya yenyewe Watson anaikatia tamaa ile orodha yake na kuitupa motoni, na naona Doyle naye aliitupa pamoja naye.

Mabadiliko haya ya kwanza, kwa hiyo, nayahesabu kuwa masahihisho ya mwandishi. Yako mengine ambayo ni kuteleza kwa kalamu tu na hayahusu tabia hata kidogo: jeraha la Watson limo begani katika riwaya ya kwanza na mguuni katika ya pili, na katika hadithi moja ya 1891 mke wake anamwita James ilhali jina lake ni John. Msomaji asipoteze muda hapo.

Yale yaliyonishika ni ya aina ya tatu, ambapo hadithi yenyewe inajua kwamba mtu amebadilika na inasema hivyo. The Sign of the Four inafunguka kwa Holmes kuchukua chupa, kutoa bomba la sindano, kukunja mkono wa shati na kujidunga mchanganyiko wa kokeini wa asilimia 7, mkono wake ukiwa tayari umejaa alama za sindano, huku Watson akitazama kama alivyotazama mara tatu kwa siku kwa miezi mingi bila kuthubutu kusema neno. Katika hadithi iliyotoka 1904, Watson yuleyule anatuambia kwamba kwa miaka mingi alimwachisha rafiki yake uraibu huo hatua kwa hatua, na kwamba anajua pepo huyo hajafa, amelala tu. Mtu akiazima hadithi moja ya 1890 na nyingine ya 1904 ataona wahusika wawili wasiopatana. Aliyezisoma zote anaona daktari aliyekuwa kimya kwa woga akipata ujasiri, na mgonjwa wake akikubali kuongozwa. Watson naye amekua hapo, jambo ambalo husahauliwa na wale wanaomfikiria kuwa mzee mpumbavu wa kuchekesha, picha iliyotiwa nguvu na filamu za kati ya 1939 na 1946 ambamo Nigel Bruce alimwigiza hivyo.

Uhusiano wa Holmes na inspekta Lestrade wa Scotland Yard, makao makuu ya polisi wa London, nao umenigusa kuliko nilivyotarajia. Mwanzoni Lestrade ni kijitu chenye uso wa panya, na Holmes anamtaja kuwa mmoja wa wawili walio afadhali katika kundi baya. Kila mmoja anatamani mwenzake akosee. Kufikia The Adventure of the Six Napoleons, ya 1904, Lestrade amezoea kupita jioni kuzungumza. Mwishoni, baada ya Holmes kuipata lulu iliyofichwa ndani ya sanamu ya plasta, inspekta anasema kwamba pale Scotland Yard hawamwonei wivu, wanajivunia kuwa naye, na kwamba akienda kesho hakuna afisa, mkubwa wala mdogo, asiyetaka kumpa mkono. Holmes anashukuru, anageuza uso, na Watson anaandika kwamba hajapata kumwona akikaribia hivyo kuguswa na hisia za kibinadamu. Kisha anarudi kuwa baridi na kuagiza lulu iwekwe kwenye sefu. Tukio lote halizidi mistari michache. Niliposoma mkusanyo wa hadithi teule miaka ya nyuma lilinipita bila kishindo, kwa sababu sikuwa nimeonja dharau ya miaka ile ya kwanza.

Doyle alimuua Holmes katika toleo la Desemba 1893, kwenye maporomoko ya Reichenbach nchini Uswisi, akamrudisha hai 1903. Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka 1924, anasimulia kwamba mwendesha mashua mmoja wa Cornwall alimwambia kuwa huenda Holmes hakufa alipoanguka kwenye genge lile, lakini tangu hapo hakuwa tena mtu yuleyule. Wasomaji wengi hulichukua neno hilo kuwa lawama tu. Mimi naliona ni la kweli kwa namna mbili zinazopingana, na ndipo utamu na uchungu wa juzuu hii ulipo.

Namna ya kwanza ni njema. Katika The Devil's Foot, ya 1910, Holmes anaichoma sumu ndani ya chumba ili kuijaribu, akiwa na Watson, na wote wawili wanakaribia kufa mpaka Watson anapomburuta nje wakaanguka pamoja kwenye majani. Hapo Holmes, kwa sauti isiyotulia, anaomba radhi na kusema kwamba jaribio lile lisingekuwa na udhuru hata kama angekuwa peke yake, sembuse akiwa na rafiki. Halafu inakuja The Three Garridebs, ya 1924. Watson anapigwa risasi pajani. Holmes anamgonga mhalifu kichwani kwa bastola, anamkumbatia rafiki yake na kumwongoza hadi kitini, anamsihi aseme kwamba hakuumia, na kuichana suruali yake kwa kisu cha mfukoni ili aone jeraha. Midomo yake inatetemeka. Anamwambia mhalifu kwamba kama angemuua Watson asingetoka chumbani mle akiwa hai. Watson anasema ilistahili kupata jeraha, hata majeraha mengi, ili kuujua upendo uliokuwa nyuma ya uso ule wa baridi. Kumbuka kwamba hadithi fupi ya kwanza ya 1891 ilimwita Holmes mashine bora kupita zote ya kufikiria na kuchunguza, ambayo hisia kwake ni kama mchanga ndani ya chombo laini. Kutoka hapo hadi midomo inayotetemeka ni miaka 33, na hakuna ruko: kila hatua imo kitabuni, pamoja na zile za kurudi nyuma, kama hadithi ya 1923 ambamo Watson anajieleza kuwa moja ya mazoea ya Holmes, sawa na fidla na kiko chake cha zamani.

Namna ya pili inaniuma. The Yellow Face, ya 1893, inasimulia mume anayegundua kwamba mkewe amemficha mtoto wa ndoa yake ya kwanza, binti wa baba mweusi. Mume ananyamaza kwa muda mrefu, kisha anamnyanyua mtoto, anambusu, na kumpa mkewe mkono ili waende nyumbani. Holmes, aliyekuwa amebashiri vibaya kabisa, anaondoka kwa unyenyekevu na kumwomba Watson amkumbushe kosa hilo siku atakapojivuna. Miaka 33 baadaye, katika The Three Gables, Holmes huyohuyo anapokabiliwa na bondia mweusi aliyeingia kumtishia anamjibu kwa kejeli kuhusu harufu yake na sura yake, mara zaidi ya moja, na hakuna anayejuta. Mtu aliyekuwa mpole kwa wanyonge tangu hadithi za mwanzo amepotea katika kurasa hizo. Sioni hapo ukuaji wala masahihisho. Naona mwandishi aliyechoka akimwazima mhusika wake ubaya ambao haukuwa wake, na nasikitika kwamba toleo hili halina hata tanbihi moja ya kumwandaa msomaji kijana.

Hapo ndipo nafika kwenye kasoro ya toleo lenyewe. Hakuna mwaka uliochapwa chini ya jina la hadithi yoyote, wala katika yaliyomo. Mpangilio unafuata vitabu vya awali, na vitabu hivyo havikufuata miaka kikamilifu. The Cardboard Box ilitoka jaridani mnamo Januari 1893, ikaachwa nje ya kitabu cha hadithi za kipindi hicho, ikaja kuingizwa katika kitabu cha 1917. Wakati ilipoachwa nje, ule ukurasa wake mzuri ambamo Holmes anafuata mawazo ya Watson kwa kutazama macho yake na mkono wake ukisogea kwenye jeraha la zamani ulihamishiwa mwanzoni mwa The Resident Patient. Matokeo yake ni kwamba katika juzuu yangu ukurasa huo unatokea mara mbili, karibu neno kwa neno, bila maelezo. Msomaji asiye na habari atadhani Holmes wa miaka ya mwisho anarudia hila ya ujana, wakati ni ukurasa uleule wa 1893.

Kwa hiyo anayetaka kuuona ukuaji huu atafute toleo linaloonyesha mwaka wa kila hadithi, na kama lina tanbihi, heri zaidi. Aliye na nakala kama yangu asiitupe, kwa sababu matini imechapwa kwa uangalifu na makosa ya herufi niliyoyaona hayafiki kumi. Mimi nilichukua penseli nikaandika miaka yote 60 kando ya majina katika kurasa za yaliyomo, na The Cardboard Box nikaivutia mshale hadi mahali pake, kabla ya The Yellow Face.