TAHADHARI: Fundi wa spea za simu za kuzungusha pale Mwanjelwa, Mbeya, ni tapeli, msimpe hela wala sampo

Wakuu, naandika nina hasira mpaka vidole vinatetemeka na sitaki mtu aniambie nitulie. Yule jamaa niliyewaambia nimempata, anayejidai kutengeneza mikono ya simu za zamani (ile unayoshika sikioni) kwa bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, ni mwizi. Mwizi kabisa. Kama kuna mtu alishaanza kumtumia hela kwa vile mi nilimsifia, asimamishe sasa hivi, na kama ameshamwachia simu yake achukue vipimo, aifuate leo leo.

Ile kazi ya mama wa Tukuyu mwenye nyumba ya wageni, ya kumfufulia simu zake za kuzungusha, wengi mnaijua, sirudii yote. Iliyobaki ilikuwa ni ile nyeusi tu, GPO 332, simu ya mezani ya zamani ya Posta ya Uingereza, mkono wake ulikuwa umepasuka shingoni, na diski ya namba ilikuwa nzima ila gavana, kile kifaa kinachopima mwendo wa diski ikirudi, imeanza kuchoka. Diski nilishamwachia safari ya nyuma, akasema anataka kupima gavana ili achonge vipande vipya. Siku hiyo nilienda kuchukua vyote.

Nafika, ananipokea "karibu kaka mkubwa", ananipa stuli. Kibandani kuna vaisi, msasa umetapakaa, moldi za silikoni zimepangwa kwenye shelfu, unaona kabisa hapa kuna mtu anafanya kazi. Akatoa mkono mweusi unang'aa, akasema huu ndo wako, umetoka kwenye presi juzi. Na mi sikukubali kirahisi. Nikamwambia ndugu yangu, bakelaiti haimiminwi kama rezini, ile plastiki ya maji inayogandishwa kwenye moldi, bakelaiti ni unga unaingia kwenye moldi ya chuma yenye moto, inakandamizwa mpaka iive, wewe presi unayo wapi? Akajibu hapo hapo bila kusita, presi iko kwa shemeji yake Uyole kwa sababu inataka umeme wa fezi tatu, moldi inapashwa mpaka nyuzi 150 hivi, akanieleza mpaka hewa inavyotolewa ili isiache mapovu. Sasa niambieni, mtu anayejua hayo utamtilia shaka kwa lipi?

Nikausugua kwa kidole gumba mpaka ukapata moto, nikanusa. Ile harufu ya kaboliki ipo, wanaoshika hizi simu wanaijua, huwezi kuikosea. Halafu yeye mwenyewe, sijamwomba, akachukua sindano ya kushonea viatu, akaenda kuipasha kwenye jiko la mama wa chai wa jirani mpaka ikawa nyekundu, akaja kuichomeka kwa ndani pale panapofunikwa na kofia ya maiki. Haikuzama hata kidogo. Plastiki ya kawaida ingeyeyuka pale pale, lakini bakelaiti ikishaiva haiyeyuki tena, ndo sifa yake tangu Leo Baekeland alipoitengeneza kule Marekani mwaka 1907. Kipimo nilikiona kwa macho yangu na pua yangu. Ule mkono ulikuwa bakelaiti kweli, hilo naweza kuapa mbele ya mtu yeyote.

Akasema ngoja nikufungie vizuri, barabara ya Tukuyu ina matuta. Akageuka, akainama chini ya benchi, mgongo umenielekea mimi, nasikia gazeti linachakarika, na wakati huo huo ananiuliza gunia la viazi Uyole sa hivi wanauzaje, mara mvua huko kwenu vipi. Na mi namjibu. Akainuka na mzigo umefungwa gazeti, nailoni, selotepu ya kahawia juu mpaka chini, akaniambia usifungue mpaka ufike maana polishi haijakauka vizuri na hii baridi ya Mbeya itaiharibu. Nikampa laki moja na themanini mkononi. Akanishukuru "ndaga fijo" kwa mikono miwili, mshenzi yule.

Nimefungulia Tukuyu, mbele ya mama mwenyewe na vijana wake wa mapokezi. Nashika mkono, uzito upo. Naanza kufunga kofia ya maiki, uzi wa skrubu unakatika, na pale ulipokatika ukaanza kumwagika mchanga. Mchanga wa mtoni wakuu! Unadondoka mezani, kwenye kitambaa cheupe cha watu. Kumbe ni rezini ya kawaida, ndani katia mchanga ili upate uzito, juu kapuliza rangi nyeusi. Mama hakusema kitu, aliniangalia tu, na hilo limeniuma kuliko hiyo hela.

Diski nayo sio yangu. Ni nyingine, ya ovyo, gavana yake vizito vimetengenezwa kwa matone ya risasi ya kulehemu, havilingani. Mnajua hizi diski mwendo wake ni mapigo 10 kwa sekunde, ukizungusha sifuri inarudi taratibu kwa sauti moja, sekunde moja na kidogo. Hii ukiiachia inarudi kwa kishindo, kile kiexchenji cha ndani, kinachohesabu mapigo na kuunganisha simu za vyumba, hakielewi kitu, ukipiga jikoni inalia chumba cha mgeni.

Nimempigia, akasema yuko Makambako msibani nivumilie. Baada ya hapo hapatikani. Kibanda kimefungwa, mama wa chai anasema amehama, na hata yeye anamdai.

Huyu mtu akamatwe. Sio arudishe hela tu, akamatwe, alale ndani, ahojiwe zile orijino anazotuonyesha kazitoa kwa nani, maana sa hivi nina uhakika ule mkono niliounusa ni wa mteja mwingine aliyeachiwa mchanga kama mimi. Kila mteja anamwachia kitu halisi, nacho kinatumika kumnasa anayefuata. Mtu wa namna hiyo ukimwachia anaua kazi ya mafundi wote wa nyanda za juu. Mi mwenyewe namimina kofia za maiki kwa rezini nyumbani, rangi nachanganya humo humo ndani, na mteja namwambia kabisa hii ni rezini, bei yake ya rezini. Hakuna aliyewahi kulalamika. RB ninayo, na nitamfuatilia mpaka kieleweke.

Mkikutana na mwingine wa hivi, chochote mlichopima kisiondoke mkononi mwenu, fungeni wenyewe. Wekeni alama ya msumari kwa ndani kabla ya kuacha sampo. Angalieni mshono wa moldi kwenye shingo, upande wa ndani huwa hausuguliwi vizuri. Na uzito usiwadanganye.

Nasikia ameonekana Iringa maeneo ya Miyomboni na begi la spea. Diski yangu orijino ina bamba la enameli lililomeguka kidogo pembeni ya 6, na nyuma nimekwaruza mstari mmoja mrefu. Mkiikuta kwa mtu yeyote Iringa, Mafinga au Njombe msiinunue, mzuieni hapo hapo na mnipigie, mi napanda basi siku hiyo hiyo.