Uzoefu wangu na mashine ya RO kwa maji ya Arusha yenye floraidi

Niseme mapema: mashine hii ya RO (reverse osmosis, yaani osmosisi ya kinyume), inayosafisha maji kwa kuyasukuma kupitia utando ili kupunguza floraidi, madini yanayoharibu meno ya watoto yakizidi, inafanya kazi, na kwa sisi wenye watoto wadogo tunaokaa upande huu wa Mlima Meru, ningeinunua tena. Ila inauzwa kwa maelezo ya ovyo, na usipoielewa unaweza kuwa unakunywa maji mabaya kuliko unavyodhani.

Yangu ni ile ya kawaida ya kukaa chini ya sinki: chujio la tope, mawili ya mkaa, pampu ndogo ya umeme, utando wenyewe, halafu kitangi cha kuhifadhia. Pamoja na fundi ilinitoka laki sita kasoro. Kuhusu machujio ya mwanzo sina mengi, isipokuwa usichelewe kubadilisha yale ya mkaa. Klorini ya maji ya bomba ikiufikia utando inauharibu, na hauponi tena.

Kazi yote iko kwenye huo utando. Wengi wanaudhani ni chekeche lenye matundu madogo sana. Sivyo. Ni plastiki nyembamba ya poliamaidi, na molekuli za maji huingia ndani ya plastiki yenyewe zikajipenyeza hadi upande wa pili. Floraidi nayo ni ndogo, lakini ina chaji ya umeme na hutembea imezungukwa na molekuli za maji zilizoing'ang'ania, hivyo hupita kwa shida. Kwa shida, sijasema haipiti. Maji yangu ya bomba niliyapeleka maabara yakasoma miligramu 3.8 za floraidi kwa lita. Ya mashine yakasoma 0.3. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni 1.5. Na wale wanaosema "chemsha tu," kuchemsha kunapunguza maji na kuacha floraidi yote ndani ya sufuria.

Sasa sehemu ambayo hakuna muuzaji aliyenieleza. Ukitenganisha maji matamu na ya chumvi kwa utando wa namna hii, maji yenyewe huelekea upande wa chumvi. Hiyo ndiyo osmosisi. Mfaransa Jean-Antoine Nollet aliiona tangu 1748 akitumia kibofu cha nguruwe. Mashine inayageuza yaende kinyume, na kinachoyageuza ni presha ya pampu. Chumvi kwa upande wake haijali sana presha. Yenyewe hufuata tofauti ya wingi: palipojaa inatoka, palipo haba inaingia, kidogokidogo, pampu iwe imewaka au imezimwa.

Matokeo yake niliyaona kwa kipima TDS, kile kidude cha mfano wa kalamu kinachokadiria jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, miligramu kwa lita. Bomba lilisoma 480. Nilichomoa mpira kabla haujaingia kwenye tangi, nikakinga maji mashine ikiwa imekwisha kufanya kazi kwa muda: 22. Asubuhi, baada ya mashine kulala usiku kucha, glasi ya kwanza ikasoma 90 na zaidi, kisha namba ikaanza kushuka. Utando ulikuwa mzima kabisa. Chumvi ilikuwa imevuka usiku huku hakuna maji yanayosukumwa ya kuichanganya. Jioni umeme unaposhuka nguvu ni hivyohivyo: pampu inasukuma kinyonge, maji yanatoka machache, lakini chumvi inavuka kwa mwendo wake uleule, kwa hiyo kila glasi inabeba zaidi.

Kwa hiyo tabia ya kuchota kikombe kimoja kimoja siipendekezi. Pampu inawaka kidogo, inazima, na tangi linajaa yale maji ya mwanzo. Sisi siku hizi tunamwaga ya kwanza ya asubuhi, kisha tunajaza ndoo ya lita 20 kwa mkupuo.

Kuna mchezo mmoja wa kuuzia uujue. Muuzaji anatumbukiza vyuma viwili vyenye umeme kwenye glasi ya maji ya bomba, yanageuka kahawia kama matope, watu wanashika vichwa. Ya mashine yanabaki meupe. Ile rangi ni kutu ya vyuma vyake mwenyewe. Maji yenye madini yanapitisha umeme, yasiyo na madini hayapitishi. Mwombe atie chumvi ya jikoni kwenye glasi yake "safi," arudie. Aliyekuja kwangu alifunga mkoba.

Ubaya mkubwa ni maji yanayotupwa. Kwa kila lita moja safi, kwangu zinatoka kama tatu kwenye mpira wa taka, na floraidi iliyozuiwa imo humo, kwa hiyo hayo ni mabaya kuliko ya bomba. Tunayatumia chooni na kupigia deki. Kuku hatuwapi. Bili ya maji imepanda, sitaki kudanganya.

Ladha imepooza, mzee wangu bado anayaita maji ya mvua. Chai ya rangi imekuwa nyekundu angavu badala ya ile nyeusi tii tuliyoizoea. Meno ya kahawia ya mtu mzima hayatabadilika. Floraidi huharibu jino likiwa bado linaundwa ndani ya fizi, ndiyo maana nasema mwenye watoto wadogo ndiye wa kuifikiria kwanza.

Kama uko Pwani na kisima chako kinakaribia maji ya bahari, usinunue hii. Kuyashinda maji ya bahari kunahitaji presha ya zaidi ya ba 27 kabla hata tone halijavuka, na vipampu hivi vya jikoni vinafanya kazi kwenye nne au tano hivi. Kwa maji ya Arusha zinatosha. Naipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama ingekuja na kipima TDS ndani ya boksi.