Gitaa Moja kwa Moja kwenye Mikisa: Geuza Kifaa Utazame Mfuniko wa Betri

Ibada ilikuwa haijafika hata kwenye matangazo, fundi mitambo akanishusha slaidi yangu ya sauti kwenye mikisa hadi chini. Nikabaki nachezesha vidole tu. Kifaa changu kipya cha efekti (kinachobadili na kupamba sauti ya gitaa), nilichokiagiza Kariakoo na kukipokea stendi ya Nanenane, kilikuwa kinaunguruma kama mashine ya kusaga hata gitaa likiwa limefungwa sauti.

Wanaoniuliza wanunue nini ili wapige bila amplifaya huanza na idadi ya efekti. Achaneni nazo, mtatumia nne. Ulizeni kinakula umeme wa wapi.

Adapta hafifu humwaga muungurumo wa umeme ndani ya sauti. Juu yake kuna waya wa jeki wa kawaida, ambao ukiuvuta mita 20 hadi kwa fundi nyuma ya ukumbi hudaka kelele ya 50 Hz, ndiyo ngurumo ya umeme wenyewe, kila unapopita karibu na nyaya za umeme. Nilijua mchawi ni nani siku niliyoazima kifaa cha mwenzangu chenye betri: kimya, kama mtu kazima redio. Changu hakikuwa hata na pa kuweka betri. (Tafadhali, msikate pini ya ethi kwenye plagi kutafuta ukimya. Mtauana.)

Kwa hiyo namba moja kwangu ni Boss GT-1, na sifichi mapenzi yangu. Betri nne za AA hukupa kama saa saba. Umeme ukikatika katikati ya pambio, jenereta ikiwaka wewe uko tayari, hungojei kifaa kiamke. Ila ingia kwenye mpangilio wa autiputi uweke LINE/PHONES, yaani sauti inakwenda kwenye mikisa, si kwenye amplifaya ya gitaa. Spika ya gitaa hukata sauti kali za juu, spika za ukumbi hazikati. Ukisahau hapo, distoshani yako (ile sauti ya gitaa ya kukwaruza) itakuwa nyuki ndani ya debe. Haina tundu la waya wa maiki, kwa hiyo nunua na DI boksi isiyotumia umeme, kisanduku kinachopokea waya wa jeki na kutoa waya wa maiki. Kelele inayodakwa njiani huingia sawa kwenye nyaya mbili, na mikisa huifuta. Msiniambie DI ni anasa, ndiyo nusu ya ununuzi wenyewe.

Zoom G1X Four inafuata. Nayo hula AA nne, na hudumu zaidi. Kanyagio la miguu lipo. Sauti zake siziamini sana.

Line 6 HX Stomp ina sauti tamu kuliko zote hapa, lakini inataka 9V zenye ampea 3, na betri haijui. Ukipoteza adapta yake umepoteza Jumapili.

Wenye mfuko mwembamba: Behringer GDI21. Ina tundu la waya wa maiki. Basi.

Sasa wauzaji. Picha nzuri, halafu "bei njoo inbox", na ukifika inbox bei inategemea ulivyosalimia. Yule wangu nilipomuuliza kuhusu adapta alisema, "Dada, hiyo inaingia zote." Kuingia inaingia. Hivi vifaa vingi vinataka adapta yenye hasi katikati ya ncha yake, na yake ilikuwa chanya.

Kabla ya kutuma hela, omba picha ya mgongo wa kifaa, mfuniko wa betri uonekane. Niliomba wauzaji watatu. Alijibu mmoja, tena kwa picha ya kinanda.