Siku mbili Dessau: uzoefu wangu katika mji wa Bauhaus

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha vijana wa chuo cha ufundi mjini Tanga kuchora ramani za nyumba, na kila mwaka hufika siku ninapowaonyesha picha ileile ya jengo la Bauhaus, shule ya sanaa na ubunifu ya Ujerumani: ukuta mpana wa kioo, na jina lililoandikwa wima ubavuni. Oktoba iliyopita, nilipokuwa Berlin kwa mafunzo mafupi, nilitenga siku mbili na usiku mmoja, nikapanda treni ya mkoa hadi Dessau, safari ya takriban saa mbili, ili nikaone kwa macho yangu kile ninachokisimulia darasani. Naandika tathmini hii kwa sababu karibu kila aliyenishauri aliniambia saa chache zinatosha, na lau ningemsikiliza ningekosa sehemu iliyonifaa kuliko zote.

Kutoka kituo cha treni hadi Bauhaus ni mwendo mfupi kwa miguu. Shule hii ya sanaa na ubunifu ilianzishwa Weimar mwaka 1919, ikahamia Dessau mwaka 1925, na jengo alilolisanifu mkurugenzi wake wa kwanza, Walter Gropius, lilifunguliwa rasmi tarehe 4 Desemba 1926. Picha ninayoitumia darasani huonyesha upande mmoja kana kwamba ndio uso wa jengo, ilhali jengo lenyewe halina uso, na asiyelizunguka hajaliona. Kuna karakana zilizovikwa kioo, kuna madarasa ya shule ya ufundi ng'ambo ya barabara, kuna daraja linalopita juu ya barabara hiyo kuunganisha pande mbili, na kuna bweni lenye vyumba 28, baadhi vikiwa na kibaraza kidogo kilichochomoza nje. Kila sehemu imepewa madirisha yanayolingana na kazi yake, hivyo mtu aliyesimama nje anaweza kusoma ni nani alikuwa akifanya nini ndani. Hilo nimelisema darasani mara nyingi; pale ndipo nilipolielewa.

Ndani, kilichonishika zaidi ni gurudumu dogo lililofungwa ukutani. Mwongozaji alilizungusha, mnyororo ukavuta, na safu nzima ya madirisha ikafunguka kwa pamoja, polepole, bila mtu kupanda ngazi. Nilimwomba arudie. Hata hivyo ukuta ule wa kioo una gharama yake, nayo ilijulikana tangu enzi zile: majira ya kiangazi karakana zilijaa joto, na majira ya baridi zilikuwa ngumu kupasha moto. Alasiri ile ya Oktoba jua lilipiga muda mfupi tu nami nikalazimika kuvua koti. Kwa sisi tunaotoka pwani, ambako siku hizi ofisi mpya zinavikwa kioo kutoka chini hadi juu, naona hapo ndipo pa kusimama muda mrefu na kujiuliza tunaiga nini.

Nililala bwenini, kwa kuwa vyumba vya zamani vya wanafunzi hukodishwa kwa wageni. Choo na bafu ni vya pamoja kwa kila ghorofa, televisheni hakuna, na samani ni chache. Anayetafuta starehe ya hoteli atafute penginepo. Mimi sikujutia hata kidogo. Usiku, wageni wa mchana walipokwisha kuondoka, nilitoka kibarazani nikaona taa za ngazi zikiangaza kupitia kioo hadi chini uani, na asubuhi niliamka mapema nikapata korido zote peke yangu.

Nyumba za Walimu ziko mwendo wa dakika kama kumi kutoka pale, katikati ya misonobari: moja ya mkurugenzi, na tatu zilizogawanywa kila moja kwa familia mbili. Humu waliishi wachoraji Wassily Kandinsky na Paul Klee, waliofundisha Bauhaus, ukuta kwa ukuta. Nilidhani nyumba hizi ni nyeupe nje na ndani, kumbe weupe ni wa nje tu. Kwa Kandinsky kuna ukuta mweusi katika chumba cha kulia na kipembe kilichopakwa jani la dhahabu sebuleni, rangi zilizorejeshwa baada ya wataalamu kukwangua tabaka moja baada ya jingine. Nyumba ya Gropius iliangamizwa kwa mabomu mwaka 1945, na iliyopo sasa, iliyofunguliwa mwaka 2014, ina umbo la ile ya zamani lakini imeachwa kama kumbukumbu isiyo wazi, zege tupu na madirisha yenye ukungu. Mwenzangu mmoja wa safari hakuipenda kabisa. Mimi naona ni heshima kutomdanganya mgeni kwamba kitu kilichovunjwa hakijavunjwa.

Makumbusho ya Bauhaus, yaliyofunguliwa Septemba 2019 katika bustani ya mji, ni kazi ya wasanifu wa Barcelona: kasha jeusi la zege lenye urefu wa meta 100 limeinuliwa ndani ya nyumba ya kioo, bila nguzo katikati. Kihandisi ni jambo la kustaajabisha. Vitu vyenyewe viko juu, kwenye kasha lisiloingiza mwanga wa jua ili vitambaa na karatasi visiharibike, na ndiyo maana macho huchoka haraka. Nilikaa sana kwenye vitambaa vya karakana ya ufumaji iliyoongozwa na Gunta Stölzl, na kwenye viti vya mabomba ya chuma vya Marcel Breuer; viti vilivyo watoto na wajukuu wa vile, kwa kusema hivyo, tunavikalia katika ofisi zetu bila kujua ukoo wao. Maelezo ukutani ni mengi mno kuliko nafasi, na mgeni asiye na msingi wa historia hii anaweza kutoka amechanganyikiwa. Nikitoa alama kati ya 5, jengo la shule nalipatia 5, makumbusho 3.

Katika bustani hiyohiyo kuna nguzo ya kumbukumbu ya Alberto Adriano, Mmsumbiji aliyeshambuliwa hapo na vijana wa itikadi ya Kinazi Juni 2000 akafa siku chache baadaye. Alikuwa jirani yetu, kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Naomba kila Mwafrika anayekwenda kwenye makumbusho yale apite hapo kwanza, asimame kidogo. Ni vigumu pia kusahau kwamba Bauhaus yenyewe ilifungwa hapa Dessau mwaka 1932 baada ya Wanazi kupata nguvu katika baraza la mji huu. Mimi mwenyewe nilipokewa kwa adabu siku zote mbili, isipokuwa mgahawa mmoja ambako nilisubiri sana bila kuhudumiwa mpaka nikaondoka.

Siku ya pili nilipanda tramu kwenda Törten, kusini mwa mji, mahali ambapo wageni wengi hawafiki. Hapo Gropius alijenga nyumba 314 za safu kati ya 1926 na 1928 kwa ajili ya wafanyakazi, akitumia matofali ya zege yenye mabaki ya tanuri za viwanda, yaliyofyatuliwa palepale kwenye eneo la ujenzi ili kupunguza gharama. Kila nyumba ilipewa bustani ndefu nyuma, ya mboga na kufugia. Usidhani utaona safu nadhifu kama kwenye picha za zamani: wakazi wamebadilisha milango, wamepanua madirisha, wamepaka rangi wanazozipenda, na wengine wamebandika vigae. Mwanzoni niliudhika. Kisha nikatembea mtaa mzima kwa utaratibu, nikichora kwenye daftari, nikagundua kwamba mabadiliko mengi yanaangukia palepale, kwenye dirisha.

Nilimkumbuka Ernst May, msanifu wa zama hizo aliyejenga mitaa ya namna hii Frankfurt kabla ya kuja Afrika Mashariki, akafanya kazi Nairobi, akachora mpango wa upanuzi wa Kampala na kusanifu hoteli ya Oceanic kule Mombasa. Anayeifahamu kazi yake huku kwetu ataiona Törten kama nyumba ya ndugu.

Ushauri wangu kwa mwalimu au fundi mwenzangu ni kuanza na Törten asubuhi, kwa miguu, kabla ya makumbusho, na kukodi baiskeli kwa sehemu nyingine kwani mji ni tambarare. Jioni fika Kornhaus, mgahawa alioubuni Carl Fieger kando ya mto Elbe, ukae kwenye ile baraza ya kioo iliyopinda kama nusu duara. Kwa upande wangu, ile picha moja ya darasani nimeiondoa. Sasa naanza na michoro ya daftari: dirisha moja la Törten kama lilivyojengwa, na pembeni yake madirisha sita kama wenye nyumba walivyoyabadilisha, na wanafunzi hupewa somo zima kueleza kwa nini.